Nyoka Wetu Ametoka na Korosho

Siku hizi kila maharusi hupewa nyoka wa kufuga, na kila anapojivua gamba hutoka na maua ya kanga anayolalia. Wetu miaka yote alikuwa na vipepeo, kama kanga zangu. Juzi mume wangu Shebwana alirudi naye safarini, nyoka akajivua, akatoka na korosho nyekundu mgongo mzima.

“Nyoka akizeeka hubadilika rangi, Mama Tima,” akaniambia, macho yakiwa kwenye sahani.

Sina kanga ya korosho, wala sijawahi kuwa nayo. Jana nikainunua, nikajifunga, nikasimama jikoni nimeupa mlango mgongo.

Shebwana akaingia, akanishika kiuno, akacheka kicheko nilichokuwa nimeshakisahau.

Nikageuka anione uso. Kicheko kikamkatika.