Nafasi Kwenye Kisigino

Kijana alikataa katakata kuvalishwa kiatu.

"Hapana, mama, usipige magoti. Tafadhali. Nitavaa mwenyewe." Alikwisha kuinuka kitini, anahangaika kama mtu aliyekalia kaa la moto.

Mama Kamba alibaki amechuchumaa, mikono hewani. Wateja wote wa duka lake aliwavalisha kwa mkono wake. Alishika mguu, akabonyeza kisigino, akapapasa vidole vilipofika, ndipo aliposema ndiyo au hapana. Viatu vya kupandia miamba si ndala. Anayeanza akijichagulia mwenyewe, ama ataumia vidole ama atateleza. Tangu afungue duka hakuna aliyetoka na kiatu kisichomfaa. Jina hilo alilitunza kuliko duka lenyewe.

Lakini huyu alificha miguu. Na mwenye kuficha miguu, Mama Kamba alijiambia, anajua ilikopita.

Hakuwa mtu wa dhana mbaya, ila aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwezi uliopita mwizi alikwea bomba la maji ya mvua, akavunja dirisha la stoo ya juu, akabeba alichoweza. Ukutani aliacha michirizi myeusi ya soli za mpira. Stoo hiyo ilipakana na chumba alicholala binti yake, na hilo ndilo lililomnyima Mama Kamba usingizi. Mali hurudi. Mtoto je?

"Umewahi kupanda?" aliuliza.

"Bado. Naanza Jumamosi."

"Na nani?"

Kijana aliketi, akaanza kujivalisha jozi ya kwanza. "Na... watu tu."

Hakumtazama usoni hata mara moja. Macho yake yalikuwa sakafuni, ila nyayo za binti zilipovuka chumba huko juu, yalipaa hadi darini, yakazifuata mpaka ziliponyamaza. Kisha yakashuka haraka, kama yaliyofumaniwa.

"Unakaa peke yako hapa chini, mama?"

"Nina mbwa," alijibu Mama Kamba, ambaye maishani hakuwahi kufuga hata kuku. "Mkali."

Kijana aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akaufunga uzi wa kiatu, akaufungua, akaufunga tena.

"Na lile dirisha, mmeshalitengeneza?"

Mama Kamba aliinuka. Dirisha lilikuwa nyuma ya jengo, kwenye uchochoro ambako mteja hana shughuli. Habari za wizi hakuwaambia hata majirani, asije akaharibu jina la duka. Walijua polisi, watu wa nyumbani, na aliyelivunja.

"Limetiwa nondo," aliongopa.

"Afadhali," alisema kijana, akashusha pumzi.

Afadhali! Jeuri gani hii? Mama Kamba aliitazama simu mezani. Lakini angewaambia nini polisi? Kwamba dukani kuna mtu ana adabu kupita kiasi?

Kijana alisimama na ile jozi ya kwanza. Mama Kamba hakuhitaji kugusa. Vidole vilifika mbele bila kujikunja, na kisigino kilishikwa vizuri, hakikuacha nafasi hata ya karatasi. Kiatu kilimkaa kama kilichoshonwa kwa ajili yake.

"Kinanishika kidogo, mama. Ndivyo inavyotakiwa?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Alishawapa jibu hilo watu wengi hata akilala angeweza kulitoa. Lakini mwizi aliyevaa kiatu kinachomkaa hufika dirishani, na aliyevaa kinachopwaya huishia kwenye bomba. Dawa ya moto ni moto.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Anayeanza hatakiwi kubanwa. Lete nikupe kubwa zaidi."

Jozi ya pili ilimpwaya waziwazi. Kisigino kikawa kinaingia na kutoka, kama mtoto aliyevaa kiatu cha baba yake.

"Hizi naona zinacheza," kijana alisema.

"Zitakuzoea."

Alisita. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza, bado akitazama sakafu. "Mimi nitasema nini? Wewe ndiye unayejua, mama."

Hakubishana bei. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaaga kwa sauti ya chini, akaufunga mlango taratibu usije ukagonga.

Mama Kamba aliketi pale alipoketi kijana. Aibu ilimchoma, na hakuikana. Lakini leo, alijiambia, binti yake angelala salama. Akaichukua ile jozi ya kwanza, airudishe mahali pake.

Ngazi zililia. Binti alishuka mbio, kamba za mafunzo begani, maana ndiye aliyewafundisha wanaoanza kwenye ukuta wa kupandia wa mjini.

"Mama, amekuja?"

"Nani?"

"Mmoja mrefu. Mwenye haya, wala hakutazami usoni."

"Amekuja," alisema Mama Kamba polepole. "Kwani unamjua?"

Binti alicheka, akajifunika uso kwa kiganja.

"Alitaka awalete wazee wake moja kwa moja. Nikamkatalia. Nikamwambia, kwanza nenda dukani kama mteja wa kawaida, wala usijitaje. Mama yangu akishakuchagulia kiatu, utajua nyumba unayotaka kuposa ni ya watu wa aina gani."