Nyumba ya Mwaija Uwanjani

Waliohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa waliagizwa kumpokea mgeni wa wilaya kwa ngoma. Mwaija, manju wao, hakuja na ngoma. Alichora uwanjani kwa majivu kuta za nyumba yake iliyobomolewa Sindeni, kijiji walikotoka, akapanga mafiga na kinu palepale vilipokuwa, akaketi jikoni.

"Mama, ngoma inaanza lini?" mwenyekiti wa kijiji akauliza tena, jasho likimtiririka, mgeni akiwa nyuma yake.

Mwaija alikuwa amechoshwa na watu wa uwanjani. Tangu asubuhi walikuwa wakikanyaga kuta zake, naye akizichora upya.

"Imeshaanza! Mwambie mgeni wako amesimama chumbani kwangu, na viatu."

Mgeni akayatazama majivu, akatazama miguu yake. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.