Ubeti wa Mwisho

Bibi harusi alipokuwa akitolewa kwao, mwimbaji aliimba shairi la Mzee Shekue, jirani, ambaye vitabu vyake vilikwisha madukani siku nyingi. Wanawake wakaitikia kibwagizo. Mama wa bibi harusi akajifunika uso kwa mtandio, akalia.

"Hili ni la wazee wa kale," mwimbaji akawaambia watu. "Aliyelitunga hajulikani."

Kwenye baraza ya jirani, Rukia akamgeukia baba yake, Mzee Shekue. "Ameacha ubeti wa mwisho, ule ulimojitaja jina. Ngoja nikamwambie."

"Kaa, mwanangu."

"Watu watakusahau, baba."

"Mama wa watu analia," alisema mzee. "Nikamkatize kilio nimwambie mimi ni nani?"

Rukia akakaa, lakini uso aliugeuza.

Gari la maharusi likaondoka. Wanawake wakapita mbele ya baraza wakirudi makwao, kibwagizo kingali midomoni. Neno moja walikuwa wamelibadilisha. Rukia alimtazama baba yake, akingoja akasirike.

Mzee alilijaribu neno lile kimyakimya, midomo ikicheza. Kisha akaitikia pamoja nao, kwa neno lao.