Uzito wa Bibi Mmoja

"Mfute," alisema mkurugenzi, kidole kikigonga kioo cha kompyuta. "Bibi mmoja hawezi kuniharibia ripoti nzima."

Mtakwimu hakugusa kitu. Waliojibu dodoso la afya mtandaoni karibu wote walikuwa vijana, wenye simu nzuri na nafasi ya kuzichezea. Kati ya wanawake waliopita miaka themanini alijibu mmoja tu. Ili wenzake waliokaa kimya wasisahaulike, jibu lake lilipewa uzito wa watu mia nne. Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa, na mkurugenzi alilijua hilo vizuri.

Tatizo lilikuwa alichoandika bibi. Akilala chali, pumzi inakata. Miguu imevimba hadi viatu vimemkataa. Alipoulizwa nani anajua hali yake, alijibu: "Hakuna. Sipendi kusumbua watu wenye kazi."

Kwa uzito ule, wazee mia nne walikuwa hoi. Mpango wa wauguzi wa kuwatembelea majumbani, ambao mkurugenzi alitaka kuufunga jioni hiyohiyo, usingefungika. Akifutwa bibi, wauguzi nao basi.

"Wazee wetu hawana shida hizo," mkurugenzi aliendelea. Alipenda takwimu zenye adabu. "Mama yangu ni rika lao. Nampigia kila Jumapili. Mzima? Mzima. Yamekwisha."

"Hiyo ni salamu, bosi. Hata aliye mahututi husema mzima."

Alijuta papo hapo. Mkurugenzi alivua miwani taratibu.

"Hebu niambie, dada. Mama yako ana miaka mingapi?"

"Themanini na miwili."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Ahaa! Na dodoso umeliandaa wewe, na uzito umempa wewe." Alicheka bila furaha. "Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe bibi tunaye humuhumu ofisini."

"Naapa simjui, bosi. Sijamjibia mtu."

"Aliacha namba?"

Aliacha. Mwishoni mwa dodoso palikuwa na nafasi ya aliyeridhia kupigiwa ili majibu yake yahakikiwe, na bibi alikuwa ameridhia.

"Simu yako weka hapa mezani, niione. Mkoba pia. Kisha nitajie hiyo namba. Kikilia chochote hapa, kusanya vitu vyako uende."

Mtakwimu aliviweka. Alifungua faili la namba, akaanza kusoma tarakimu mojamoja.

Mkurugenzi alizibonyeza kwa nguvu kwenye simu yake mwenyewe, huku amekazia macho ule mkoba. Alipofika ya mwisho akaitazama ili apige.

Juu ya namba zile, simu ilikuwa imeshaandika jina yenyewe: Mama.