Alama ya Chaki Mlangoni

Mpuliza dawa ya mbu alipitisha kidole ukutani, juu ya kitanda cha mtoto mgonjwa. Kidole kilitoka safi, hakina hata chembe ya ule unga mweupe wa dawa.

"Mlangoni kuna alama yetu ya chaki kwamba tulipuliza," alisema. "Nani kaichora?"

"Mimi," bibi wa mtoto alijibu. "Dawa yenu inanuka mzoga. Nimekuza watoto saba kwa mwarobaini, wewe hujaota meno."

Mama wa mtoto aliacha kumkanda mwanawe.

"Mama, si uliniapia walipuliza? Mimi nikampa jirani chandarua!"

Bibi alimpita mkwewe. Alimsogezea mjukuu kikombe cha mwarobaini mdomoni.

Maji machungu yakateremka shavuni. Mtoto hakumeza.