Ile Moja ya Kijani

Kati ya video mia tatu za zamani, moja tu ilikuwa na alama ya kijani.

Kinasih akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Programu mpya ya kuhariri ilikuwa imezitia nyekundu video zote za mfumo uliopitwa na wakati, kwa kuwa haitaweza kuzifungua tena. Harusi yake mwenyewe ilikuwa nyekundu.

Ya kijani ilikuwa harusi ya mumewe na mke wake wa kwanza. Ndiyo kongwe kuliko zote, lakini kuna mtu alikuwa ameigeuza iwe ya mfumo mpya Jumanne iliyopita.

Jumanne hiyo Kinasih alikuwa kwa mama yake, akimuuguza.

Kidole chake, bado kikiwa na mafuta ya tempe, soya alizotoka kukaanga, kikaganda juu ya kipanya.

“Mas,” akamwita mumewe, “hizi nyekundu nizigeuze?”

“Za nini, mke wangu?” mumewe akacheka kutoka chumba cha mbele, akifuta lenzi. “Makorokoro hayo nani atayatazama? Futa tu.”

“Zote?”

“Zote, bwana!”

Kinasih akaiburuta ile ya kijani hadi katikati ya nyekundu, akazichagua zote, akabonyeza “Futa”.