Kumwondoa Mbaruku kwenye Picha

Sheria ilitaka kila aliyefariki aondolewe kwenye picha za familia, ili walio hai wasiishi na majonzi. Tunu, mjane wa Mbaruku, aliketi mbele ya kompyuta huku afisa kijana akimwelekeza kwa simu, naye akiiona skrini ya Tunu kutoka ofisini kwake.

"Mzungushie mstari, mama, taratibu, ukianzia kwenye kofia. Sasa bonyeza futa. Programu itaujaza ukuta yenyewe."

Ukuta ukajaa pale aliposimama mumewe siku waliyohamia nyumba hiyo. Tunu akabaki peke yake pichani, anacheka, kichwa kimeegemea hewani.

"Shingo imekaa upande," afisa alisema. "Nikuonyeshe namna ya kuinyoosha?"

"Hapana, mwanangu. Niache hivyo hivyo."

"Wakaguzi watauliza umemwegemea nani."

"Waache waulize," Tunu alijibu, akaihifadhi picha.